Kona ya Juu ya Chapati

Mimi kusoma sijui. Haya nasema tu, mkwe wangu, mke wa mwanangu, ndiye anaandika, na nimemwambia asiniongezee utamu. Akiandika uongo nitajua, maana nitamwambia anisomee, na yeye akisoma uongo sauti inampanda juu kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Haya, andika.

Tuna hoteli hapa Kabanga, karibu na pale watu wanapovukia kwenda Burundi. Ukisikia hoteli usifikirie vitanda. Ni mabati, meza mbili, mabenchi manne na jiko la mkaa. Tunapika chapati ya kubana. Unachukua chapati ikiwa bado moto, unapaka maharage yaliyopondwa na kukaangwa kwa mawese na kitunguu, unaweka parachichi, chumvi, pilipili kidogo. Unakunja mara mbili, halafu unairudisha kwenye kikaango unaibana na mfuniko wa sufuria mpaka parachichi lilegee liingie kwenye maharage. Dereva wa lori anaila kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye usukani, na shati lake linabaki safi. Mie ndiye nimeipika tangu mume wangu yuko hai, na mpaka leo ipo barabara nzima, kutoka hapa mpakani mpaka Biharamulo. Kila mtu anaipika kwake na kila mtu anasema yeye ndiye alianza. Waache waseme.

Sasa, mimi nikimpa mtu chapati, kwanza naonja. Nakata kona ya juu kwa mkono, natia mdomoni, natafuna akiniona, nameza, ndipo namkabidhi. Kila mtu, kila chapati. Wa huku kwetu hawaulizi kwa nini. Mwenye pombe anaonja kwanza, ndipo anampa mgeni mrija. Mwenye chakula hivyo hivyo. Mtu aone kwamba kilichoingia kwake kimeingia kwako kwanza, na wewe bado umesimama.

Nilifundishwa hilo nikiwa bado bibi harusi. Mimi nimezaliwa Bukiriro, nikaolewa Kibimba. Sijamaliza hata mwezi akaja mjomba wa mume wangu, mtu mzima, ametembea tangu asubuhi. Mama mkwe yuko shambani. Nikamwekea pombe ya ndizi, nikaweka mrija, nikapiga magoti vizuri, nikampa, nikaondoka kwenda kuchochea moto. Sikuonja. Nilisahau tu, aibu ya ugeni ilinijaa kichwani. Yule mzee alikaa na ile pombe mbele yake mpaka jua likageuka upande wa pili wa nyumba. Nzi wakanywa, yeye hakunywa. Mama mkwe aliporudi akaona mrija umekauka, akaelewa saa ile ile. Akaniita jikoni. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya puani, hivi: "Wewe mtoto. Unataka watu waseme nini juu ya nyumba yangu?" Akatoka, akaonja mbele ya yule mzee, mzee akanywa, wakacheka. Lakini maneno yalishatembea. Nilikwenda kisimani miezi mizima wanawake wakinyamaza nikifika.

Tangu siku hiyo sijawahi kusahau tena. Mpaka mwaka huu, ambapo niliambiwa nisahau kwa makusudi.

Ilianza na konda wa basi. Huyo hajui kuongea, anajua kupayuka tu. Akasimama mlangoni: "Bibi! Bibi wa kubana! Mna kibao?"

"Kibao cha nini? Cha kukunia nazi? Sisi huku nazi tunaziona kwenye picha."

"Kibao cha orodha, bibi! Kuna watu wanaandika hoteli zote za chapati ya kubana, toka hapa mpaka Biharamulo. Wanaita njia ya chakula. Watalii wataifuata, na sisi mabasi tumeambiwa tutasimamisha abiria kwenye hoteli zenye kibao tu. Wasio na kibao, abiria watashuka kuchimba dawa vichakani, basi, wanapanda!"

Nikacheka. Mkwe wangu hakucheka. Yeye ndiye anajua hoteli inavyokwenda. Mwanangu alishafariki, tumebaki sisi wawili, na abiria wa basi ndio wanatuweka mjini. Wakiacha kushuka kwetu tunafunga, turudi Kibimba tukalime. Mimi mgongo huu hauinami tena kwenye jembe, na yeye ni mtu wa Biharamulo. Angekaa Kibimba na kikongwe mpaka lini? Kwao wangemwita arudi. Hakulisema. Alikuwa anasugua sufuria ile ile ambayo ilishatakata.

Wiki iliyofuata akaja dada wa orodha. Dada mzuri, mweupe wa meno, kutoka Dar es Salaam, ana simu kubwa kama sinia. Yule kila anachosema anaanza na kiukweli na kumaliza na sawa eeh. "Shikamoo bibi. Kiukweli bibi nimesikia sifa zako nyingi, sawa eeh?"

"Marahaba mwanangu. Za uongo au za kweli?"

"Za kweli, bibi!"

"Basi hujasikia zote. Kaa."

Nikamtengenezea mwenyewe. Nikaibana vizuri, ikatoa ule mlio wa mawese. Nikakata kona ya juu, nikatia mdomoni, nikatafuna kwa haya meno yangu yaliyobaki, nikalamba kidole, nikampa.

Ungeona macho yake. Alishika ile sahani kama amepewa mtoto asiye wake. Akatazama kona ilipokatika, akatazama kidole changu. Kwa heshima, maana kalelewa, akaiweka mezani polepole.

"Bibi yangu. Kiukweli nisingependa kukukwaza. Lakini hii ya kula kwenye chakula cha mteja… magonjwa siku hizi ni mengi, bibi. Mkono umetoka mdomoni unarudi kwenye chakula. Mwongozo haukubali, sawa eeh? Nitarudi baada ya wiki mbili kupiga picha na kufanya uamuzi. Ukiacha hili tu, vingine vyote mko vizuri."

Mkwe wangu akajibu haraka kuliko mimi: "Ataacha." Hivi hivi. Ataacha. Kama mimi ni mvuta sigara.

Alipoondoka nikamwambia mkwe: "Umeniuza."

"Sijakuuza, mama. Lakini kusema kweli hata mimi huwa naona kinyaa kidogo."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

Na yeye hajawahi kuonjea mteja hata mmoja. Nilidhani ananiachia kwa heshima. Kumbe!

Tukakubaliana twende barabarani tukaone wenzetu wanafanyaje. Tukapanda basi la asubuhi. Ngara mjini tukashuka, pale kwenye hoteli ya kituoni wanaweka yai ndani ya chapati. Yai! Nikamwambia mwenye hoteli, "Hii umeifanya mto wa kulalia." Akasema, "Wateja wanapenda, bibi." Lakini aliinua chapati yangu, akakata kona, akala, akanipa. Nikamwangalia mkwe wangu. Mkwe akaangalia dirishani.

Nyakahura hoteli ni ya mama mmoja mnene, rika langu, anaweka dagaa waliokaangwa. Tamu, siwezi kuficha. Yule mama alileta chapati, kona haipo, lakini sikumwona akila. Nikamshika mkono. "Wewe, hii kona imekwenda wapi?"

Akainama, akaniambia sikioni, sauti nzito kama gunia linaburutwa: "Dada wa orodha kapita. Sasa naonjea jikoni. Najificha."

"Sasa mtu ukionja umejificha, mimi nitajuaje hukunipunja tu?"

Akacheka mpaka akakaa kwenye benchi letu. Akakata kona ya pili mbele yangu, akaila, ndipo nami nikala. Chapati yangu ilibaki kama sikio la mbuzi aliyepigana.

Biharamulo mjini ndiyo kulikuwa na shida. Hoteli mpya, ina vigae, mpishi ni kijana mwenye kofia nyeupe na glovu, wanaweka kisamvu na karanga. Anakupa kwenye karatasi, na kabla hujaishika vizuri ameshasema, "Asante, karibu tena!" kama anakufukuza. Hajaonja. Nikakaa nayo mapajani. Nilikuwa na njaa, harufu inapanda, mkono unataka. Mdomo ukagoma. Mkwe wangu alikuwa ameshamaliza yake anafuta vidole.

"Mama, kula. Si unaona watu wote wanakula?"

"Naona. Lakini nani ameanza?"

"Mama, hakuna anayetaka kukuua Biharamulo. Hapa ni kwetu."

"Sijasema anaua. Nimesema sijui alifikiria nini akiipika. Hakuniangalia hata usoni."

Akaichukua akaila na hiyo. Nikanunua ndizi mbivu nikamenya mwenyewe. Kwenye basi la kurudi akaniambia, bila ya ukali, "Mama, kwetu nilikotoka hawaonji, na hatujafa. Na yule dada si mjinga, magonjwa yapo. Siku moja tu. Siku moja ukae nje, uache mikono yako mapajani. Kwa ajili yangu."

Kwa ajili yangu. Hajawahi kuniomba kitu huyu. Tangu mume wake afe hajaniomba hata chumvi. Nikamwambia sawa.

Siku ya dada wa orodha kurudi, nilioga mapema, nikavaa kitenge cha kanisani, nikakaa kwenye kiti nje ya mlango. Mikono mapajani, mmoja juu ya mwingine ili isitoroke. Mkwe wangu amevaa glovu alizonunua dukani, anapika na kugawa mwenyewe. Hoteli ilijaa. Kulikuwa na wanawake wa Kibimba walioleta ndizi sokoni, dereva wa lori mmoja, na yule mzee wa kubadilisha faranga za Burundi, ambaye amekaa kwenye benchi la mlangoni miaka mingi mpaka benchi limechukua umbo lake. Huyo ulimi wake hauchagui kati ya ra na la, unachukua iliyo karibu.

Dada akafika na simu yake ya sinia. "Shikamoo bibi! Kiukweli umependeza!"

"Marahaba. Leo mimi ni pambo."

Mkwe akaanza kugawa. Akampa mzee wa faranga kwanza. Mzee akaipokea. Akaigeuza. Akatazama kona ya juu, ipo, nzima. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama barabara. Akaiweka kwenye sahani, akavuta mfuko wake wa faranga karibu.

Wanawake wa Kibimba wakapewa. Waliona mzee hali. Wakaziweka. Mmoja akaanza kumfunika mwenzake kanga ambayo haikuwa imeanguka. Dereva wa lori akapewa, akaifikisha karibu na mdomo, akaona hakuna anayetafuna, akaishusha taratibu.

Mnajua hoteli ilivyo ikiwa imejaa watu na hakuna anayekula? Unasikia mkaa. Nami nilikuwa pale nje nasikia, na nikaona ule mrija wa mjomba wa mume wangu umekauka, jua limegeuka upande wa pili wa nyumba. Niliwaza, leo nyumba hii inasemwa, na mwenye nyumba ni mimi.

Dada alikuwa amenyanyua simu apige picha ya watu wanaokula. Akaishusha. "Kiukweli… mbona hawali?"

Mkwe wangu amesimama na glovu zake, amebeba sahani mbili, uso umemwiva.

Mzee wa faranga ndiye akasema, polepole, bila kumtazama mtu: "Bibi hajaonja. Sisi tunangoja kujua kuna nini reo. Kama kuna ugomvi humu ndani, watuambie, turare na njaa."

"Hakuna ugomvi," mkwe akasema.

"Basi kwa nini bibi yuko nje kama mgeni?"

Mkwe akanitazama. Na mimi nilikuwa nimeahidi, kwa hiyo sikunyanyuka. Nilimngoja. Akaziweka sahani mezani, akavua glovu moja, akaniambia, "Mama, ingia."

Nikaingia. Kwanza nikamwambia yule dada, maana yeye ndiye hakuelewa na si kosa lake. Nikamwambia habari ya yule mjomba na ile pombe, kama nilivyowaambia ninyi, pamoja na sauti ya puani ya mama mkwe. Nikamwambia: hawa hawaogopi sumu, mwanangu. Maharage haya wanayajua kuliko mimi. Wanataka tu kuniona nakula nao. Nisipokula nao, wanaona nina jambo.

Dada akasikiliza, simu chini. Alikuwa na akili, na sikumtegemea kuwa nayo kiasi kile. Akafikiri. Akasema, "Bibi, kinachonisumbua mimi ni mkono kutoka mdomoni kurudi kwenye chakula cha mtu. Kula kwako hakunisumbui. Sawa eeh?"

"Sawa."

Akachukua chapati yake mwenyewe. Akanawa kwanza, kwenye ile ndoo yetu ya bomba, kwa sabuni. Akakata kona ya juu ya chapati yake kwa vidole vyake. Akaninyooshea. "Basi mimi nakupa wewe. Ule, nikuone."

Hoteli nzima ikageuka. Sijawahi kuona mgeni anamlisha mwenye nyumba. Mama mkwe angefufuka. Nikafumbua mdomo kama kifaranga, akatia, nikatafuna. Nikatafuna kwa muda mrefu, makusudi, macho juu, kama napima. Nikameza. Nikasema, "Chumvi imepungua kidogo, lakini hamfi."

Wakacheka wote. Dada akala yake, akaimaliza. Mzee wa faranga akanyanyuka na lile benchi karibu linyanyuke naye, akanawa, akakata kona yake akaniletea: "Bibi, kura." Wanawake wa Kibimba, dereva, wote wakapanga mstari na kona mkononi kama wanapokea komunyo, ila padri ndiye analishwa. Nilikula kona nikihesabu kwanza, halafu nikaacha kuhesabu. Ndipo wakaketi wakala. Dada akapiga picha zake, na kila chapati kwenye picha haina kona ya juu.

Kibao kilikuja. Kimepigiliwa kwenye nguzo, kimeegemea upande wa Burundi kidogo. Mkwe ananiambia kimeandikwa jina la chapati na neno karibu. Mimi naona picha tu. Ni chapati ya kwetu, maana imekosa kona. Mabasi yanasimama. Konda anapayuka, "Dakika ishirini! Nawa, kata kona, mpe bibi, kula! Asiyempa bibi asipande!" Hilo la kutopanda ni la kwake, sijamtuma. Abiria kutoka mbali wanashuka wanashangaa, wananawa, wananiletea, wengine wananipiga picha nikitafuna. Nimenenepa. Jioni sili tena, nanywa maji.

Nasikia Biharamulo yule kijana wa kofia ameona picha kwenye kibao, na sasa anakata kona kwa kisu kabla hajakupa, anaitupa. Amedhani ndivyo mapishi yalivyo. Nitakwenda siku moja nikamwonyeshe, nimfundishe pia kumtazama mteja usoni.

Limebaki moja, na mkwe hataki kuandika. Mwezi uliopita jino langu la nyuma liliuma mpaka shavu likavimba, nikalala ndani. Basi likaja. Nikamsikia mzee wa faranga: "Reo bibi hayupo. Nani anakura?" Nikajiinua kwenye kitanda niende, uso wangu hivyo hivyo kama mkate. Kabla sijafika mlangoni nikaona kupitia pazia. Mkwe wangu, yule wa kinyaa, amesimama katikati ya hoteli, mikono nyuma, mdomo wazi, amefumba macho kama anakunywa dawa. Mzee akamtilia kona. Akatafuna. Akafumbua macho, akawaangalia mmoja mmoja usoni, na akasema, kwa sauti yangu kabisa, ya huyu bibi mwenyewe, mnisamehe, sikujua na yeye anaigiza: "Chumvi imepungua kidogo, lakini hamfi."

Wakala. Nikarudi kitandani na jino langu.

Umeandika? Anasema ameandika. Isome tena hapo. Haya, sauti haijapanda.